Kipimo cha PET katikati ya matibabu: panga haya kabla ya safari ya Nairobi

Wengi wanaotupigia simu kutoka Mombasa, Malindi na Lamu wana mgonjwa wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Ameanza kemo (dawa za kuua seli za saratani), sasa daktari ameagiza PET. Swali huwa hilohilo: si CT alishapigwa, hiki kingine cha nini, tena kwa bei ile?

CT, ile picha ya eksirei ya kompyuta, huonyesha ukubwa wa uvimbe. PET huonyesha kama uvimbe bado unakula. Mgonjwa hudungwa aina ya glukosi yenye mionzi kidogo, na kwa kuwa seli nyingi za saratani zina pupa ya sukari, inapokusanyika ndipo panapong'aa kwenye picha. Uvimbe waweza kubaki na sentimita zilezile kumbe ndani ni kovu tu. Waweza pia kuwa umesinyaa na bado unawaka. Daktari akijua mapema, hamchoshi mgonjwa kwa dawa isiyomsaidia.

Ila si kila king'aacho ni saratani. Kifua kikuu hung'aa, nimonia pia. Aliyewahi kuugua TB aseme. Dawa za kuamsha kinga ya mwili nazo huweza kuufanya uvimbe uonekane umekua mwanzoni, ndiyo maana daktari huweza kuagiza picha irudiwe kabla ya kuamua lolote. Msikate tamaa kwa karatasi moja.

Tarehe ndiyo inayotusumbua zaidi. Kemo ikiwa ya juzi tu, picha hudanganya. Kwa kawaida husubiriwa siku 10 hadi wiki mbili, karibu na dozi inayofuata. Baada ya tiba ya mionzi ni miezi kama mitatu, maana sehemu iliyopigwa mionzi bado imefura kwa kuungua. Kwa hiyo tupigieni na ratiba ya dawa mkononi.

Fikeni Nairobi jana yake. Dawa ya PET, ile glukosi ya sindano, hupungua nguvu kwa nusu kila dakika 110 hivi, na hutengenezwa kwa saa maalumu. Basi la usiku likiharibika Mtito Andei, dawa haiwangoji.

Mgonjwa afunge kwa muda wa saa sita kabla ya kipimo, anywe maji matupu. Chai ya sukari hapana, hata kikombe kimoja. Sukari ya damu ikizidi 11 mmol/L, huenda akaahirishwa, basi mwenye kisukari atuambie mapema tumuulize daktari kuhusu insulini na vidonge vyake. Jana yake asifanye kazi nzito, na achukue sweta, chumba kina baridi. Akitoka, kwa saa chache asipakate mtoto mchanga wala kukaa karibu na mjamzito.

Picha hii husomwa kwa kulinganishwa na ile ya kwanza ya kabla ya matibabu, ikiwezekana kwenye mashine ileile. Njooni na CD ya picha yenyewe, si karatasi ya majibu peke yake. Kama imepotea, tuambieni wiki moja kabla tuwasaidie kuiomba nakala kule alikopigwa.