Hizo meli za watalii zilale Zanzibar hata usiku mmoja

Mhariri, asalaam aleikum,

Nimeisoma barua ya msomaji wenu aliyesema wageni wa meli kubwa hawana faida yoyote kwa Zanzibar, wanashuka, wanapiga picha, wanarudi kula vya bure melini, nikacheka peke yangu maana hivyo vya bure navipika mimi. Mi ni mtoto wa Tanga, mwaka wa saba huu niko jikoni kwenye hizo hizo meli, na shangazi yangu anakaa Mkunazini, mtaa wa humo Mji Mkongwe, kwa hiyo mambo haya nayaona nikiwa na miguu miwili, mmoja melini mmoja barazani kwa shangazi. Msomaji wenu hajasema uongo. Ila kamlaumu mgeni, na mgeni wa watu hana hata saa ya kukosea.

Jikoni tuna kipimo chetu cha kujua bandari tamu na bandari chungu. Ikifika saa saba mchana ukumbi wa chakula ukiwa mtupu, matunda yanakauka kwenye sahani na mpishi mkuu ananuna, ujue mji umewashika watu. Kukiwa na foleni tangu saa sita na nusu, ujue mji umewatema. Zanzibar siku nyingi ni foleni. Na inaniuma bana, maana nimeshuka Victoria kule Shelisheli, mji mdogo kabisa, pale katikati wana kamnara kao ka saa ka rangi ya fedha, kalijengwa 1903, kameigwa kutoka kengine ka London, ukitoka hapo kuna soko, kuna bustani yenye kobe, nusu saa umeumaliza mji wote, lakini watu wetu hawarudi kula. Wanakaa wanazurura tu, wametulia. Sisi wenye Mji Mkongwe mzima tunawarudisha na njaa zao.

Sasa hebu tuhesabu saa. Meli inafunga gati Malindi, bandari ya hapo Unguja mjini, alfajiri, au inatia nanga nje watu washushwe kwa boti. Mpaka makaratasi yamalizike na watu wamekunywa chai yao wanaanza kutoka saa mbili, saa tatu. Saa kumi na nusu kila mtu awe ndani. Katika hizo saa saba na kitu, wengi wameshalipia safari tangu wakiwa melini, kwa hiyo basi linawasubiri getini, linawapeleka mashamba ya viungo au Jozani kutazama kima punju au ufukweni kaskazini huko, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi na foleni ya barabarani juu, wakirudi mjini wanapewa dakika arobaini za "kutembea". Dakika arobaini! Na juani, saa nane mchana, maduka mengine yamefungwa wenyewe wamelala. Afu tunasema hawanunui.

Msimu wenyewe pia uangaliwe. Meli nyingi zinakuja kaskazi, kuanzia Novemba mpaka Machi hivi, joto lenyewe mnalijua. Na miaka hii Ramadhani inaangukia humo humo, Februari na Machi, mgeni anashuka mchana migahawa mingi ya watu wa kawaida imefungwa, hakuna kahawa barazani, hakuna urojo, watu wamechoka na hawana hamu ya kusemeshwa. Anarudi melini anasema mji umelala. Angeuona saa moja usiku baada ya futari angesema hivyo?

Mi mwenyewe mwaka juzi nilipata ruhusa ya masaa matatu, nikawachukua wenzangu wawili, mmoja Mfilipino wa dobi, mwingine Mgoa wa mapokezi. Sikuwapandisha gari. Tukatoka getini kwa miguu, kwanza kabisa papasi, wale vijana wanaovizia wageni mitaani, mmoja kanidaka mimi, "jambo rafiki, karibu Zanzibar, hakuna matata", nikamjibu kwa Kitanga ananiangalia kama nimemwibia kuku. Tukacheka wote, akanipa na sigara. Tukapita jengo la zahanati ya zamani, lile la mabaraza ya mbao yaliyochongwa, Mgoa wangu kasimama pale robo saa nzima anaangalia nakshi anasema hii kazi ni ya kwetu India. Na kweli aliyelianzisha ni tajiri wa Kihindi, Tharia Topan. Mbele kidogo Mtini, ule mti mkubwa wanaosema ulipandwa 1911, mafundi boti na wenye boti za kwenda kisiwa cha Changuu wamejazana chini yake. Nikawaambia kobe wa Changuu wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli 1919, Mfilipino akasema kumbe na wao walipita njia hii hii yetu.

Beit al-Ajaib tuliitazama kwa nje tu. Jumba la Sultan Barghash, 1883, upande mmoja uliporomoka Desemba 2020 na watu wawili wakafa, sina la kuongeza hapo, kila Mzanzibari anajua alikuwa wapi siku ile.

Tukaingia vichochoroni. Hapa ndo kwenye utamu, na hapa ndo mabasi hayafiki. Mgoa akaona minara miwili ya kanisa inachungulia juu ya mabati, akaenda mwenyewe bila kuuliza njia, akapotea, akarudishwa na mtoto wa madrasa, akaenda tena. Alivyotoka kule kanisani alikuwa kimya. Wagoa walikaa sana huu mji, washonaji, makarani, wapiga picha, wapishi kama mimi, yeye alikuwa hajui hata kidogo na miaka mitano meli yake imekuwa ikipita hapa. Miaka mitano anaiona Zanzibar kupitia dirisha la mapokezi.

Mfilipino yeye alitaka kanga ya mamake. Sokoni Darajani pale kachagua moja nyekundu nzuri sana, mama muuzaji akamnyang'anya mkononi, "hii hapana mwanangu", mi nikasoma maneno nikaona kweli, yale ya kumpasha mke mwenza, mama wa watu Manila angepelekewa matusi bila kujua. Akatafutiwa yenye "Nani kama mama". Mama muuzaji kapoteza dakika ishirini kwa doti moja, akamweleza pindo la kanga ni nini na mji, yaani pale katikati yake, ni nini, mi natafsiri. Huyo Mfilipino mpaka leo kila bandari anauliza nguo za hapa zimeandikwa nini.

Kwa shangazi Mkunazini tulikaa dakika kumi tu, nikawapeleka pale uwanjani kanisa la Anglikana, penye mnada wa watumwa uliofungwa 1873. Kuna zile sanamu za watu shimoni na minyororo shingoni. Tulikuta kundi la abiria wa meli yetu, aliyewaongoza anapiga makofi, haya haya twendeni, basi linaondoka. Bibi mmoja Mwingereza alikuwa amekaa kwenye kijiukuta analia, akainuliwa na kuondolewa. Sitaki kusema ni kampuni gani, na wala si kosa la yule kijana, kaambiwa awarudishe kwa saa. Lakini mtu hakimbizwi mahali kama pale.

Ndo maana nasema meli zilale. Usiku mmoja tu. Ifunge gati leo asubuhi, iondoke kesho mchana. Jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi, sisi tumeshaondoka saa kumi na moja, yaani bustani ya Forodhani inaanza kuwasha taa na moshi wa mishkaki ndo unapanda, watoto wanajirusha baharini kutoka ukutani, juisi ya miwa inakamuliwa na tangawizi na ndimu, sisi tuko nje ya Changuu tunaosha vyombo. Kila safari. Mgeni wa meli ameiona Zanzibar yote isipokuwa Zanzibar.

Najua mtaniambia wenye meli hawatataka, na mi nawajua kuliko nyinyi. Meli ikikaa bandarini inalipia, na kasino na maduka ya ndani bandari nyingi lazima yafungwe mpaka tukifika bahari kuu, kwa hiyo kila usiku wa gatini ni usiku ambao mashine za kamari zimelala. Hiyo ndo sababu kubwa, wasiwadanganye na habari za upepo. Lakini mbona Cape Town tunalala? Tunalala kwa sababu abiria wanataka na wanalipia safari yote ghali zaidi kwa ajili hiyo. Kwa hiyo inawezekana, ni mazungumzo. Wakubwa wa utalii wakikaa mezani na makampuni, wawape nafuu kidogo ya malipo kwa meli itakayolala, gati lenyewe dogo najua, linagombaniwa na makontena na boti za Dar, basi ikatie nanga nje boti zishushe watu mpaka saa tano usiku. Abiria elfu mbili hata nusu yao wakishuka kula pweza, hesabu mnaweza kuifanya wenyewe, na hiyo pesa haiendi kwa mwenye basi, inakwenda kwa mwenye jiko la mkaa.

Na wakati tunasubiri hayo ya wakubwa, kuna madogo. Pale getini wekeni kina mama wawili watatu wa Malindi na kanga za kukodisha, maana kuna watu wanashuka nusu uchi kama wanaenda bafuni, si jeuri, hawajaambiwa, na mzee wa msikitini akinuna wao wanadhani ndo sura yake. Wazee wanaojua mitaa wawepo, wawe na kitambulisho na bei iliyoandikwa, matembezi ya saa mbili kwa miguu, kutoka getini mpaka Forodhani ni dakika kumi na tano kwa mwendo wa mzee mwenye fimbo, hahitaji basi mtu. Papasi nao wasifukuzwe tu kila mwaka halafu wanarudi, nusu yao wanaongea Kitaliano kuliko walimu wetu, wasajilini.

Msomaji wa ile barua simjui, lakini kama anakaa karibu na Malindi namkaribisha. Desemba tunapita tena, ratiba nimeshaiona imebandikwa jikoni, kuingia saa moja asubuhi, mwisho wa kurudi saa kumi na nusu kama kawaida. Shangazi nimeshampigia simu aandae urojo mapema, kasema urojo wa saa tatu asubuhi hajawahi kuusikia maishani mwake.

Mpishi wa melini,
mzaliwa wa Tanga