Mwanangu, Kabla Hujapanda Gari la Kambini

Nakuru, Jumapili usiku

Mama,

Nakuita hivyo kama siku zote kwa sababu umebeba jina la mamangu, na leo nina neno nanyi nyote wawili. Simu yako imezimwa tangu Alhamisi. Ndiyo maana nimeandika kwa mkono. Kakako atazipiga picha kurasa hizi akutumie, na karatasi zenyewe nitazitia ndani ya kifurushi. Moja ikipotea, nyingine ikufikie kabla hujaenda kambini tarehe 2.

Umemeza dawa zako za selimundu? Nijibu hilo kwanza.

Binamu yako alilala hapa Jumatano akielekea Nairobi. Usimkasirikie. Hakuja kukusema. Mamako alimwona hali chakula vizuri, akamfuata jikoni, na maneno yakatoka wakiosha vyombo. Ametuambia kwamba siku ya ushuhuda ulibeba chupa yako ya vidonge vya njano ukaiweka mbele pale madhabahuni, watu wakapiga vigelegele. Kwamba mtumishi, huyo mhubiri wa ushirika wenu, amefundisha kuwa anayemeza dawa anakula kwenye meza mbili. Kwamba kambi ya maombi ni ya siku 21, tatu za kwanza hakuna chakula wala maji, na simu zinakusanywa mlangoni kwenye gunia. Mamako alishikwa na hilo la maji. Mimi nimeshikwa na hilo gunia. Mtu akianguka saa nane za usiku, gari litaitwa kwa simu ipi?

Sikuandikii ili uache maombi. Nyumba hii haijawahi kulala bila kupiga magoti. Wala sikudharau. Wewe ndiye wa kwanza katika ukoo wa babu yako kuketi darasa la chuo kikuu, na tangu uanze masomo ya ualimu majirani huniita Baba Mwalimu, nami huitika kwa sauti. Lakini mtoto aliyesoma hapigi simu kumwambia mamake kwamba hawawezi tena kula sahani moja kwa sababu ya nywele zake. Mamako alikujibu kwa kicheko. Simu ilipokatika alikaa kwenye kile kiti cha nje mpaka giza likamfunika. Hilo utamrudia mwenyewe, kwa mdomo wako. Mimi sitakuombea.

Mwezi jana uliniandikia hivi: "Baba, wewe ndiye ulinifundisha kwamba mtumishi wa Mungu haulizwi." Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi kuliko nilivyosoma zaburi. Ni kweli ulifundishwa hivyo katika nyumba hii, na aliyefundisha hakuwa mamako.

Kuna usiku mmoja usioujua, maana ulikuwa na miaka mitatu na homa ilikuwa imekupanda. Vidole vyako vilivimba vikawa vinene kama ndizi sukari, macho yakawa ya njano. Wazee wa kanisa letu la wakati ule walikuwa wamekaa sebuleni siku ya pili. Walisema ni laana, na kwamba imetoka upande wa mamako, kule ziwani. Mimi nilikuwa shemasi. Ufunguo wa mlango ulikuwa mfukoni mwangu. Mamako aliuomba mara tatu. Mara ya nne hakuomba. Alikupitisha dirishani kwa jirani, akatoka yeye nyuma yako, na asubuhi nilikuta kipande cha leso yake kimenasa kwenye msumari wa fremu. Ile leso ya buluu yenye kiraka pembeni, ambayo kila Krismasi unauliza kwa nini haitupwi, ndiyo hiyo.

Hospitalini tulipimwa sote. Nilikwenda na hasira zangu, nikitegemea karatasi inipe haki. Karatasi ikasema mbegu ya selimundu, ule ugonjwa wako wa damu, ninayo mimi na anayo mamako. Mtoto huwa na selimundu akiipokea kwa baba na kwa mama, na wazazi wakiwa kama sisi, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Kwa hivyo ile waliyoiita laana ya ziwani, nusu yake ilikuwa imetoka kwetu Maragoli ndani ya damu yangu. Muuguzi akatueleza kwamba si laana hata kidogo. Watu wa sehemu zenye malaria nyingi kama kwetu wameibeba kwa wingi, kwa kuwa anayeibeba upande mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Niliikunja karatasi nikaiweka kwenye Biblia, katika kitabu cha Ayubu. Iko hapo mpaka leo. Na bado nilibaki katika kanisa lile miaka mingine sita. Miaka hiyo sita sina maelezo yake.

Sasa nisikilize kuhusu maji. Daktari wa kliniki alinichorea nyuma ya bahasha. Chembe ya damu ya mtu mwingine ni mviringo, inateleza. Yako, mwili ukikauka, au ukishikwa na baridi au homa, inajikunja kama mundu wa kukatia nyasi. Zinashikana, zinaziba mishipa midogo, na pale damu isipofika ndipo yanapoanza yale maumivu unayoyajua kuliko mimi. Siku tatu bila tone la maji zinaweza kumwangusha mtu yeyote, hata mzima. Kwako hazihitaji kufika tatu.

Vile vidonge vya njano vinausaidia mwili kutengeneza damu mpya, maana yako haidumu. Kile cha malaria ni cha kila siku, na huko Kisumu mbu si kama hawa wetu wa Nakuru. Na zile kapsuli ndizo zilizokupunguzia kulazwa tangu kidato cha pili. Umesimama mbele ya watu ukasema huu ni mwaka wa pili hujaugua, kwa hivyo umeponywa. Mama, ulikuwa unameza dawa, na dawa zilikuwa zinafanya kazi. Kama ni kumshukuru Mungu, mshukuru kwa hizo. Umekaa siku ngapi sasa bila kumeza? Binamu yako hakujua hesabu. Wewe unaijua.

Utasema baba ameanza kuongea kama daktari. Haya, twende kwenye Biblia, ambako huwa unanishinda.

Paulo alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa, 2 Timotheo 4:20. Mtume ambaye kwa mikono yake wagonjwa waliponywa, anaendelea na safari na rafiki yake amelala hawezi, na hakuna mahali aliposema Trofimo amekosa imani. Timotheo aliambiwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Luka anaitwa tabibu, yule mpendwa, wala hakuambiwa aache utabibu ndipo apendwe. Halafu ule mstari wa "Msiwaguse masihi wangu", ambao naambiwa umeandikwa kwa rangi nyekundu ukutani mwenu. Ufungue, Zaburi 105, lakini usianzie hapo, anzia juu kidogo. Unawazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo, watu wachache, wageni katika nchi, na wanaokemewa ni wafalme. Mwenye nguvu ndiye anayeambiwa asimguse mnyonge. Mimi niliutumia mstari huo kumnyamazisha mjane aliyeuliza sadaka ya ujenzi imekwenda wapi. Nilikuwa nimesoma Biblia miaka 20, na mistari mitatu inayotangulia sijawahi kuisoma. Yule mama alihama Nakuru kabla sijamtafuta.

Na wale wa Beroya, Matendo 17:11, waliyachunguza maandiko kila siku waone kama wanayohubiriwa ndivyo yalivyo. Aliyekuwa akihubiri ni Paulo. Hawakuitwa waasi. Wameitwa waungwana. Sasa mtumishi wenu ni mkubwa kuliko Paulo?

Usidhani ninachoogopa ni ukali wa dini. Bibi yako, wajina wako, alikuwa mkali kuliko hao wenu wote. Alikuwa wa kanisa la Israel Nineveh. Nguruwe hakuingia kwake, pombe wala tumbaku, na Ijumaa kwake ilikuwa siku ya ibada. Alitembea barabarani kwa vazi jeupe na kilemba nyuma ya ngoma na bendera, jua lichome au mvua inyeshe. Vazi hilo hilo jeupe ndilo alilokuwa nalo siku alipotupeleka hospitali ya Kaimosi kwa miguu, mdogo wangu mgongoni. Nilikuwa simwelewi. Na kanisa lake lenyewe, Zakayo Kivuli alilianzisha mwaka 1942 baada ya kujitenga na wamishonari wa Nyang'ori. Wazee wale wangeamini kwamba mtumishi haulizwi, bibi yako angefia kwenye benchi la nyuma la wazungu akinong'ona.

Ya Shakahola, ya wale waliofunga msituni mpaka kufa, siyarudii, tuliyatazama pamoja mwezi wa nne 2023, na ni wewe uliyezima televisheni. Ulisema, "Watu wale walikuwa wanafikiri nini?" Sikukujibu siku ile kwa sababu nilikuwa naufikiria ule ufunguo. Nakujibu leo. Mama mwenye mtoto mgongoni hafungi safari mpaka msitu wa Kilifi ili akafe. Watu wale walikwenda kumtafuta Mungu. Walikuwa wameambiwa shule ni mbaya, wameambiwa hospitali ni mbaya, na aliyezoea kuitikia hayo mawili, la chakula lilipokuja alikuwa hana tena mahali pa kusema hapana. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, alikana mashtaka, na kesi ni ya mahakama. Sisemi mtumishi wenu ni kama yeye. Nasema mimi simjui, na wewe, kwa miezi minane tu, humjui, na mtu hujulikana akiulizwa.

Kwa hivyo muulize. Hilo tu ndilo ninaloomba, hilo na dawa. Muulize mbele ya wenzako, kwa heshima, kama unavyoniamkia mimi: Mtumishi, mimi nina selimundu, nikianguka siku ya pili, ni nani atakayeita gari, na hospitali gani? Akikujibu kwa jina la mtu na jina la hospitali, na akasema mwenye ugonjwa wako asifunge maji, nitakuja mwenyewe Kisumu kumshika mkono. Akikukasirikia, au akiwageukia wengine na kusema kuna roho ya uasi hapa ndani, basi umeshajibiwa. Toka. Usingoje ibada iishe. Toka na mkoba wako na ulale kwa shangazi yako Kondele. Nimemwambia asiulize chochote, afungue mlango tu.

Na kama hutauliza, beba dawa. Zifiche kwenye soksi. Sikutegemea nifike siku ya kumfundisha mwanangu kuficha kitu kanisani, lakini zifiche. Na maji unywe, hata ukiyanywea chooni.

Hapa nyumbani tuko. Mvua imeanza na bati la chumba chako linavuja pale pale. Fundi anataka elfu mbili na mia tano, nimemwambia asubiri mwisho wa mwezi. Vitabu vyako nimevihamishia kwenye kabati la mamako. Maji ya mfereji yanakuja siku mbili kwa wiki, kwa hivyo tumenunua tangi dogo, na kakako amelifunga vizuri bila kuita mtu, kazi yake imenipendeza. Karo yake ya muhula huu imebaki kidogo. Kuku wawili wameibwa. Yule mwekundu wa mamako amebaki, anataga chini ya gari bovu la jirani, na kila asubuhi kuna maneno kwa sababu ya mayai. Mamako anauliza kama ile sufuria kubwa yenye mfuniko iko kwako au uliwaazima watu wa ushirika wenu. Kama iko kwao, useme nani anayo.

Chumba ukikirudia wakati wowote, hata katikati ya muhula, hata saa nane za usiku, hutaulizwa kwa nini. Ufunguo umetundikwa kwenye msumari nje, chini ya dari, upande wa jiko. Nimeutoa ndani tangu miaka ile na haujarudi.

Kifurushi kinaondoka kesho na matatu ya saa moja asubuhi kwa njia ya Kericho. Kina dawa za miezi miwili. Nimezihesabu mara mbili, za njano, za malaria na kapsuli, kila moja kwenye karatasi yake. Kuna chupa ya maji ya lita moja, sweta, na omena ambazo mamako amekaanga ingawa nilimwambia huko ziwani ndiko zinakotoka. Dereva ana namba yako na ya shangazi. Atafika stendi ya Kisumu mchana. Nenda mwenyewe, usimtume mtu wa ushirika. Meza za kesho hapo hapo kabla hujaondoka stendi, kisha uwashe simu unipigie, hata kama huna la kusema.

Ni mimi,
Babako