Saa moja tu ya PV?

Lubumbashi, Jumapili usiku, umeme umerudi sasa hivi

Yaya Mutombo,

Jambo sana, na jambo kwa mama watoto. Huku tuko wazima. Mvua imeanza kwa fujo, Bel-Air maji yameingia tena barabarani, watoto wa Nathalie wamepona. Najua nimekaa kimya tangu matanga, na najua unavyosema nikikaa kimya, basi nisamehe tuendelee, maana hii programu ya mafunzo uliyonitumia imeninyima usingizi.

Siku kumi kwa ba-OPJ (maafisa wa polisi wa upelelezi) ishirini na wanne, sawa. Siku tatu za vifungu vya sheria, siku moja ya simu na kompyuta, nusu siku ya maadili. Na PV, procès-verbal, ile hati rasmi ya mahojiano na upelelezi? Saa moja, mchana wa siku ya saba, baada ya bukari (ugali). Yaya! Saa ile hata wewe mwenyewe unasinzia ukiwa umesimama.

Mimi nasema hivi: toa siku mbili kwenye vifungu, uzipe PV. Kifungu mtu atakifungua kitabuni. Ila dosye (jalada la kesi) ikifika kwa jaji imeshakufa, ukitafuta ilipouawa mara nyingi utaikuta palepale, kwenye meza ya kwanza, ambapo mtu anasema Kiswahili na OPJ anaandika Kifaransa. Mfano ambao nakuomba uuweke asubuhi ya siku ya kwanza, kabla hata ya kujitambulisha: mshukiwa anasema, "Nilibebaka ile nsinga paka ku depo," yaani nilibeba ule waya mpaka depo. PV inasema kwamba aliiba waya akaupeleka depo: « J'ai volé le câble et je l'ai amené au dépôt. »

Waache wakae nayo dakika tano. Kanuni ya Adhabu (Code pénal), kitabu cha pili, kifungu cha 79, inataka kitu kiwe kimeondolewa, kiwe si mali ya aliyekiondoa, na awe amefanya hivyo kwa hila. Huyu amesema kitu kimoja tu: alibeba. Labda ni mwizi. Labda ni kijana wa pusipusi (mkokoteni) aliyelipwa abebe mzigo bila kuuliza. Labda ni mtu wa depo mwenyewe, na hapo tunahamia kifungu cha 101, kupokea mali ya wizi, ambacho lazima uonyeshe kwamba alijua. OPJ amechagua njia moja na kufunga mbili kwa « volé » (niliiba), akaenda kunywa maji. Miezi minne baadaye mtu anasema mbele ya mahakama, "Mimi sikusema hivyo," na ni kweli hakusema. Avoka (wakili) anauliza nani alitafsiri. Kimya.

Na si "kubeba" peke yake. Chukua "na". Shahidi wa kwetu akisema "tulienda na Kasongo", mara nyingi ni watu wawili, yeye na Kasongo basi. Ukiandika « nous sommes allés avec Kasongo », msomaji wa Kifaransa anahesabu watatu au zaidi, na majistra (hakimu au mwendesha mashtaka) anaanza kumtafuta mtu ambaye hajazaliwa. Chukua "nilisikia": alisikia kwa masikio, au harufu, au moto ulimpiga usoni? Au aliambiwa na jirani? « J'ai entendu » haikuambii, wakati tofauti ya shahidi aliyekuwepo na shahidi wa maneno ya watu ndiyo hiyo. "Alinipiga" nayo: kofi, kisu, risasi? Swali moja tu linakosekana, "kwa kitu gani, na wapi mwilini?", na daktari anabaki na karatasi isiyolingana na PV.

Saa ndiyo balaa yenyewe. Sentineri (mlinzi) anasema alimwona mtu "saa mbili ya usiku". Kwa aliyekua na saa za Kiswahili hiyo ni 20h00, maduka bado yana taa, barabara imejaa. PV inaandika 2h00. Avoka anainuka polepole (wanapenda kuinuka polepole): alimtambuaje usoni saa nane za usiku bila taa? Ushahidi mzuri umeharibika kwa hesabu ya saa sita. Na huku kwetu mtu mmoja anachanganya mifumo hiyo miwili ya saa ndani ya sentensi moja, kwa hiyo hakuna kubahatisha: ulizia kitu cha kushikilia, ilikuwa kabla au baada ya taarifa ya habari, baa ilikuwa imefungwa, zamu ilikuwa imebadilishwa, kisha andika kwa saa 24. Saa hiyo inabeba adhabu pia. Wizi wa kawaida mwisho wake ni miaka 5. Ukiwa wa usiku ndani ya nyumba inayokaliwa, kifungu cha 81 kinaweza kuufikisha 10. Hata upekuzi wa nyumba hauanzi kabla ya 5h00 wala baada ya 21h00 bila ruhusa ya jaji. OPJ aliyeingia saa tatu na nusu za usiku halafu akaandika 9h30 atajieleza mwenyewe.

Dawa yake si ngumu, inachosha tu. Neno linalobeba kosa liandikwe kama lilivyotoka mdomoni, kwa Kiswahili, ndani ya alama za kunukuu, kisha Kifaransa chake pembeni. « Il déclare : "Nilibebaka ile nsinga", ce qui signifie : j'ai porté ce câble. » (Yaani: anasema hivyo, maana yake alibeba waya huo.) Baada yake lije swali linalofuata: nani alikupa, ulilipwa ngapi, uliikuta wapi. Ukurasa wa kwanza useme lugha iliyotumika, na kama OPJ mwenyewe anaijua au kuna mkalimani. Akiwepo mkalimani, aape na jina lake liingie. Saa ya kuanza, saa ya kumaliza. Swali na jibu kila kimoja kwenye mstari wake, na swali moja liwe swali moja. "Ulienda ukavunja ukabeba?" akijibu "ndiyo", amekubali lipi? Mwisho asomewe kwa Kiswahili, aya kwa aya, na akisahihisha, sahihisho liandikwe kama jibu jipya, la zamani lisifutwe. Paraf (sahihi fupi) kila ukurasa, nafasi tupu zipigwe mstari, maneno yaliyokatwa yahesabiwe na kukubaliwa. Akikataa kutia sahihi, andika kwamba amekataa na sababu aliyoitoa. Baada ya hayo yote ndipo OPJ aandike ile ya kuapa kwamba PV ni ya kweli, « Je jure que le présent procès-verbal est sincère ». Waulize darasani ni wangapi huiandika kabla hawajamsomea mtu neno hata moja. Utawaona wanatazama viatu.

Zoezi lenyewe, nimelifikiria hivi. Makundi manane ya watu watatu: OPJ, mshukiwa mwenye kadi, mtazamaji. Mshukiwa asiseme Kifaransa hata kidogo, na kadi yake iwe na mambo matatu anayoyajua na moja asilolijua. Dakika kumi za mahojiano, simu inarekodi. Dakika ishirini na tano za kuandika PV. Kisha PV inahamia kundi lingine ambalo halikusikia chochote, nao wairudishe kwa Kiswahili, kwa mdomo, mbele ya wote. Halafu piga rekodi. Kila neno ambalo halimo kwenye rekodi lichorwe kwa kalamu nyekundu. Wabadilishane nafasi mpaka kila mmoja awe amepita, na hiyo ni nusu siku nzima, usijidanganye. Rudia siku ya tano na ya tisa kwa kadi mpya, hesabu wekundu umepungua kiasi gani. Hayo ndiyo matokeo utakayowapa wafadhili, si ile karatasi ya "mafunzo yamenipendeza".

Kadi mojawapo iwe ya mama anayelalamika kwamba "alinifanyia mabaya". Hapo wengi watakimbilia "alinibaka", « il m'a violée ». Neno la sheria limeingia, tendo limetoka. Ni heri kuuliza taratibu, "mabaya ya namna gani, niambie kwa maneno yako", bila kumpa neno mdomoni na bila watu watano mlangoni. Na hapa wakumbushe sheria 06/019 ya 2006, ya ukatili wa kingono: OPJ amjulishe OMP (mwendesha mashtaka) wake ndani ya saa 24, uchunguzi wa awali usizidi mwezi mmoja, mlalamikaji awe na mtu wa kumtetea hatua zote, na hakuna faini ya kumaliza mambo ofisini. Hiyo ya faini irudie mara mbili, tena ukimtazama yule wa nyuma.

Kuhusu vitu vinavyokamatwa, programu yako ni nzuri, nina moja tu. Weka nsinga ya kweli mezani, kipande cha mita sita hivi, uwaambie waielezee. Watakuandikia "nyaya kadhaa za shaba", « quelques câbles en cuivre ». Waambie mukuba (shaba) wote duniani una rangi moja. Urefu kwa mita, nyuzi ngapi ndani, unene, rangi ya ganda au kama limechomwa, ncha zimekatwa kwa msumeno au kwa koleo, uzito kwenye mizani, picha ya mbali, ya kati, na ya karibu yenye rula. Ncha zifungwe kila moja kwa karatasi yake na zisiguswe, maana kipande kilichobaki kwenye nguzo kinaweza kulinganishwa nazo. Lebo ina namba, tarehe, saa, mahali, sahihi ya aliyekutwa nacho. Kila kikibadilisha mkono, jina na saa. PV ikisema kilo 38 na grefe (masjala ya mahakama) ikapima 31, hizo saba ndizo utetezi wote wa avoka, na sisi sote tunajua zimeenda wapi. Simu iliyokamatwa, andika IMEI, tarakimu 15, usiandike tu "simu nyeusi", « un téléphone noir ».

Tena, lile jedwali la ushahidi. Uliniambia ba-OPJ hawalipendi, lakini parke (ofisi ya mashtaka) wanalililia. Upande wa kushoto mambo ambayo kifungu kinataka, juu majina ya ushahidi: shahidi, kitu, picha, hati, PV. Kisanduku kilicho tupu ndiyo kazi ya kesho asubuhi. Kwa ile nsinga: "imeondolewa" ina shahidi na ncha zilizokatwa, "ya mwingine" ina barua ya mwenye mali (mara nyingi wanaisahau!), "alijua" haina kitu. Basi kesho nenda depo ukaulize bei aliyolipa, saa aliyopokea, na kama kuna fakture (ankara). Na liwekwe nyuma ya orodha ya karatasi zenye namba, ili majistra asibaki kukisia nini kimechomolewa njiani.

Waonye pia wasiegemee kukiri. Kukiri kunakaa kwenye safu yake kama ushahidi mwingine, visanduku vingine vijazwe. Na kama kumepatikana kwa fimbo, sheria 11/008 ya 2011, ya kukataza mateso, inamgeuza OPJ mwenyewe kuwa mshukiwa.

Saa 48 za Katiba, kifungu cha 18, ziandikwe kuanzia mtu aliposhikwa, si alipofikishwa kasho (mahabusu). Nikiona daftari ambalo kila mtu ameingia saa 8h00 kamili, najua liliandikwa siku moja na kalamu moja. Na haki ya kuambiwa sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa iko kwenye kifungu hichohicho, kwa hiyo ona, tumerudi kwenye Kiswahili tena. Parke ikitaka mandat d'arrêt provisoire (hati ya kumshikilia mtu kwa muda) inauliza dalili nzito za hatia na kosa la miezi 6 au zaidi, na baada ya siku 5 mtu awe mbele ya jaji. Dosye yenye "nilibebaka" iliyogeuzwa « j'ai volé » inapita siku tano vizuri kabisa. Inaangukia mbele, watu wakiwa wameshakaa gereza la Kasapa miezi.

Nilitaka kukuandikia pia habari za... lakini betri inaisha na jirani amezima jenereta.

Sasa unijibu. Mama Jeanne anaweza kutupa PV kumi za zamani, majina yakiwa yamefunikwa kwa wino mweusi, au bado amekasirika na ile habari ya projekta? Katika hao ishirini na wanne, wangapi wanatoka Kasumbalesa, na wangapi wanasikia Kibemba, maana hapo tutahitaji kadi nyingine? Umempata majistra wa kweli wa kuja siku ya tisa kusoma dosye zao kwa sauti, au ni yuleyule anayesoma simu yake? Mizani ipo? Na Ilunga atarudisha lini kamera yangu?

Ile saa moja ya siku ya saba usiifute, tuwape walale.

Mdogo wako,
Kalenga