Barua kwa mwanangu aliyeanza biashara

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia, ule wa kwamba umeombwa uingie kwenye kamati ya mtaa na unafikiria kukataa manake biashara bado changa na mambo ya mtaa yatakumalizia muda. Kwenye simu ningekujibu harakaharaka tu, ndo maana nimeamua kukuandikia, na nitakueleza kupitia mtu ambaye maisha yake nimeyafuatilia sana, Benjamin Franklin. Najua wewe unamjua kama yule mzee wa umeme na uhuru wa Marekani, hayo weka pembeni kwanza, nataka umuone akiwa kijana mwenye matbaa kule Philadelphia, ana madeni na hakuna anayemjua.

Alizaliwa Boston mwaka 1706, baba yake alikuwa anatengeneza mishumaa na sabuni na alikuwa na watoto 17, kwa hiyo shule alisoma kama miaka miwili tu akatolewa akiwa na miaka 10. Akawekwa kwa kaka yake ajifunze uchapaji, wakagombana, na 1723 akiwa na miaka 17 akatoroka mpaka Philadelphia ambako hakuwa na ndugu hata mmoja. 1728 ndo akafungua matbaa na mwenzake mmoja.

Sasa angalia hapa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1727, alikuwa ameshakusanya wenzake kama 12 hivi, wengi wao watu wa kazi za mikono, yumo fundi viatu, fundi vioo, seremala, mpima ardhi, wanakutana kila Ijumaa jioni, kikundi kinaitwa Junto. Walikuwa wanaulizana maswali: nani kafilisika siku hizi na chanzo ni nini, nani kafanikiwa na kapitia njia gani, kuna kijana gani anaanza kazi ambaye tunaweza kumshika mkono. Yani kabla hajawa na biashara yake alishakuwa na watu wa kufikiri nao.

Na hao watu ndo waliomwokoa. Mmoja wa kikundi alimtafutia kazi kubwa ya kuchapa karatasi 40 za historia ya Waquaker, dhehebu moja la Kikristo. Halafu yule mbia wake alipozidiwa na pombe na wadai wakawapeleka mahakamani, marafiki wawili wa Junto, William Coleman na Robert Grace, kila mmoja alimfuata kivyake bila kuambiana wakajitolea kumpa pesa amlipe mbia aondoke na matbaa abaki nayo mwenyewe. Hakusahau, kwenye wosia wake aliacha pauni 1000 kwa Boston na pauni 1000 kwa Philadelphia zikopeshwe mafundi vijana wanaoanza. Kwa hiyo usiniambie mtaa unakula muda wa biashara kabla hujajua ni nani atasimama na wewe siku mambo yakiharibika.

Ila mimi kinachonigusa zaidi ni matope. Karibu na soko alipokuwa anaishi barabara ilikuwa matope matupu mvua ikinyesha, watu wanakanyaga tope wakifuata chakula. Akasema sana na kuandika mpaka kipande kimoja kikawekwa mawe, lakini magari ya farasi yakawa yanaleta tope kutoka sehemu ya barabara ambayo haikuwekwa mawe na hakuna wa kusafisha. Akatafuta mtu maskini mchapakazi aliyekubali kufagia mara mbili kwa wiki na kuondoa uchafu milangoni kwa peni 6 kwa mwezi kila nyumba. Akachapa karatasi ya kueleza faida, kwamba nyumba zitakaa safi, maduka yatapata wateja zaidi kwa sababu watu watafika kirahisi, upepo hautarusha vumbi kwenye bidhaa, akapeleka nyumba kwa nyumba, na baada ya siku moja mbili akazunguka tena kuona nani amekubali. Wote waliweka sahihi. Na watu walipoona soko limekuwa safi ndo wakaanza kutaka barabara zote ziwekwe mawe na wakawa tayari kulipa kodi ya kazi hiyo. Hakuanza na mji mzima, alianza na pale penye tope, akaacha watu waone kwa macho yao.

Mengine nayapitia tu: maktaba ya kuchangia 1731, wanachama 50 wa kwanza kila mmoja shilingi 40, kikosi cha zimamoto 1736 ambacho faini za wasiohudhuria vikao zilinunulia ngazi na mitambo ya kuzimia moto, hospitali 1751 ambayo wazo lake lilikuwa la daktari Thomas Bond na Franklin akasaidia kutafuta hela. Kwenye maktaba aligundua kwamba ukisema wazo ni la kwako watu wanakuwa wazito, wanahisi unatafuta ukubwa, akawa anasema ni mpango wa marafiki kadhaa na yeye anajificha nyuma, na mambo yakaenda. Hilo lishike mwanangu, kwa sababu mfanyabiashara akisimama mbele watu wanaanza kuuliza anafaidika nini.

Na jambo la ulinzi wa usiku. Kila nyumba ilitakiwa kulinda kwa zamu, asiyetaka analipa shilingi 6 kwa mwaka. Yeye akauliza, mjane ambaye mali yake yote haifiki pauni 50 analipaje sawa na tajiri mwenye maghala yaliyojaa bidhaa za maelfu? Akapendekeza kila mtu alipe kulingana na mali inayolindwa. Ukiingia kwenye kamati hilo swali ndo uwe unauliza kila mara, mzigo huu unamwangukia nani.

Lakini simpambi. Huyuhuyu alimiliki watumwa na gazeti lake lilikuwa linapokea pesa za matangazo ya kuuza binadamu, na miaka yote ya kujenga maktaba na hospitali hilo halikumzuia. Ni uzeeni, 1787, ndo alikubali kuwa rais wa chama cha kupinga utumwa, na Februari 1790, miezi miwili kabla ya kufa, akasaini ombi kwa bunge utumwa ukomeshwe. Inaniuma kila nikisoma. Nakuambia ili ukikaa na wakubwa wa mtaa ujue mtu anaweza kupendwa na majirani wote huku kuna watu hata hawahesabu kuwa ni majirani. Waangalie hao pia, vibarua, wapangaji, wanaolala kwenye vibaraza.

Kwa hiyo kubali, ila waambie utashika jambo moja tu kwa kuanzia na utakuwa na jioni moja kwa wiki, siku nyingine ni za kazi yako. Na mkianza kuomba michango fuata alivyomshauri mchungaji mmoja aliyetaka kujenga kanisa: nenda kwanza kwa wale unaojua watatoa, halafu wale usio na uhakika nao uwaonyeshe orodha ya waliotoa, mwisho nenda hata kwa wale unaoamini hawatatoa kitu, kwa sababu kwa baadhi yao utakuta ulikosea kuwadhania hivyo. Yule mchungaji alienda kwa kila mtu akapata zaidi ya alichotarajia.

Wasalimie wote hapo kazini, na ukishaongea na hiyo kamati nipigie.

Mama yako