Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Hospitali: kabla hujasaini ununuzi wa winchi ya wagonjwa

Ndugu Mkurugenzi,

Salamu. Nasikia makaratasi ya kununua mashine ya kuinulia wagonjwa wazito yameshafika mezani kwako. Nakuandikia hadharani kwa kuwa mara iliyopita sisi tunaoinua hatukuulizwa, na ile mashine hadi leo tunatundikia makoti.

Si kwamba ni mbovu. Ubavuni imeandikwa kilo 300. Siku ya kwanza tuliisukuma hadi kwa mgonjwa wa kilo 210, ikagota: mota ya kitanda cha umeme imening'inia chini mno, miguu ya winchi haikupata pa kupita. Tukamwinua kwa mikono, watu sita. Mwenyewe alifumba macho muda wote, anatuomba radhi. Mwenzetu mmoja aliumia mgongo, na sasa anapangiwa kazi za kukaa tu.

Watu wa ununuzi watakuonyesha ile namba ya kilo. Waulize namba zilizobaki. Winchi ina upau wa kutundikia, na kwenye upau kuna nguo ya kumbebea mgonjwa, ambayo wodini tunaiita mbeleko. Kila kimoja kina kikomo chake, na kinachofuatwa ni kile kidogo kuliko vyote. Mbeleko ikiwa ya kilo 200, basi umenunua winchi ya kilo 200. Halafu unamshusha wapi? Kiti cha choo, toroli na meza ya upasuaji navyo vina vikomo.

Uzito nao hausemi umbo. Wagonjwa wawili wa kilo 200, mmoja uzito uko tumboni, mwingine mapajani: mbeleko inayomkaa vizuri wa kwanza itambana wa pili hadi ngozi ichubuke. Na mwenye tumbo kubwa ukimlaza chali anakosa pumzi, kwa hiyo atahitaji mbeleko inayomkalisha.

Kuna wanaodhani mikono inatosha. Mwaka 2007 mtafiti wa Marekani, Thomas Waters, alipendekeza muuguzi asiinue zaidi ya kilo 16 hivi, tena mazingira yakiwa mazuri. Mguu mmoja wa binadamu ni kama asilimia 16 ya uzito wake. Kwa mgonjwa wa kilo 200, kumshikilia mguu afungwe bandeji ni kilo 32. Hapo bado hatujamgeuza.

Kama nafasi ipo, mimi ningechagua reli ya darini, yaani winchi inayoning'inia na kutembea kwenye reli iliyofungwa darini. Winchi ya magurudumu ikishabeba mtu wa namna hii, kuikatisha kona ni kazi ya mgongo ule ule tunaotaka kuuokoa. Ila fundi wa majengo aipime dari kwanza. Kwa kumhamisha kutoka kitandani kwenda toroli, godoro la hewa la kutelezesha linatosha, halihitaji kumning'iniza mtu.

Mkataba wa ukaguzi uingie humo humo. Uingereza, kanuni za 1998 zinataka vifaa vya kuinua watu vikaguliwe kila miezi 6, labda mkaguzi aweke mpango mwingine.

Ombi langu ni moja: wauzaji wailete wodini kabla ya saini, tuipitishe chini ya vitanda vyetu na kwenye milango yetu. Na waje usiku, tunapokuwa wawili tu.

Wako,
Muuguzi wa zamu