Salamu za Idi, na hamu ya saa kumi jioni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwezi umeandama, fitri zimetoka, na mtaani kwetu takbira zinasikika tangu isha. Idi Mubarak kwenu nyote, mlio Unguja, Pemba, bara na ughaibuni. Mungu atutakabalie funga zetu, na wale tuliofuturu nao mwaka jana na leo hawapo, awarehemu.

Pamoja na salamu nina kisa kidogo. Kisomeni huku mnasubiri biriani.

Mwezi mzima nilikuwa nikitoka kazini napita sokoni Darajani, saa kumi, kumi na nusu. Mnaijua saa hiyo. Kila kinachouzwa nakitaka: sambusa, katlesi, juisi ya ukwaju, mkate wa kumimina ingawa nyumbani upo, mpaka viazi alivyofungiwa mtu wa mbele yangu kwenye foleni. Nafika nyumbani na mifuko miwili. Ikiadhiniwa magharibi, tende mbili, maji, kikombe cha uji, basi. Mifuko inahamia kwa jirani. Na kesho yake narudia vilevile, maana tumbo la saa kumi halina kumbukumbu.

Kwenye kumi la mwisho, mtoto wa dada yangu, wa miaka tisa, alikaa nami kuandika orodha ya sikukuu. Doti ya kanga ya bibi, kofia ya kaka, viatu vya wadogo zake. Namba zao zote ninazo kichwani. Tulipomaliza akainua kalamu: "Na wewe mama mdogo, unataka nini?"

Nikamjibu kwa mzaha, kiwanja. Akaandika kweli. Kisha akauliza, "Cha kufanyia nini?"

Hapo nikakwama. Kiwanja chenyewe ni cha upande wa Tunguu. Ofisini nusu yetu tunazungumzia viwanja vya huko kila wakati wa chai, na pesa yangu ingetoka kwenye shamba la mikarafuu la marehemu baba, nje kidogo ya Wete, Pemba. Kaka zangu walishapata mnunuzi na mimi nilishakubali. Nilikubali kwa simu, nikiwa nakaanga bajia.

Usiku ule nikaikumbuka Idi ya utotoni. Idi yetu hufuata mwezi, kila mwaka husogea nyuma siku kumi au kumi na moja. Karafuu hufuata mvua na jua, haiendi popote. Kwa hiyo hukutana, kisha huachana miaka mingi. Mwaka 2003 na 2004 zilikutana: Idi iliangukia Novemba, majamvi yamejaa uani. Mama na shangazi zangu walikuwa wakichambua usiku, karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule, vidole vyeusi, masimulizi hayaishi. Na baba akipima mchele wa fitri kwa pishi ileile aliyopimia karafuu mbichi za wachumaji. Aliikung'uta, akaifuta kwa kitambaa, lakini wapi. Fitri ya nyumbani kwetu ilinukia karafuu. Nadhani kuna watu pale kijijini walitutambua kwa mchele.

Nilipokumbuka hayo hamu ya shamba lile ilinipanda, nikajishuku. Huenda na hii ni ya saa kumi tu. Nikaiacha. Nikala, nikaenda tarawehe, nikalala. Nilipoamka kula daku, ipo.

Basi nikaipigia hesabu niiue. Mkarafuu huchukua miaka sita mpaka minane kuanza kuzaa, na kama ishirini kuzaa sawasawa. Mimi nina 36. Mikarafuu ya baba mingi imezeeka, mingine imekauka kuanzia kileleni. Wachumaji ni wa kubembeleza, bei hupanda na kushuka, na karafuu haimsubiri mtu: isipochumwa ikaanza kuchanua, thamani yake imekwenda. Nikajumlisha yote, na kujumlisha ndiyo kazi inayonilisha. Jumla ikatoka hasara, na bado nataka.

Kiwanja sikuwahi kukipigia hesabu hata siku moja. Nilikitaka kwa kuwa foleni nzima ilikuwa inakitaka.

Kazi siachi, msije mkampigia mama simu. Na wenye viwanja Tunguu Mungu awabariki, wengine mnajua hasa mnataka kujenga nini. Lakini asubuhi ile nilimpigia kaka mkubwa nikamwambia fungu langu lisiuzwe. Akanyamaza, kisha akaniuliza kama nina homa. Siku tatu hakupokea simu zangu. Siku ya nne akanitumia ujumbe mmoja: "Chukua upande wa mteremko, chini maji yanatuama." Alisema kama baba angesema. Niliusoma mara kadhaa, futari ikaungua.

Mwaka huu Idi imeangukia Machi. Karafuu imebaki kule mbali, hazitakutana karibuni. Lakini masika yapo mlangoni, na masika ndiyo wakati wa kupanda. Miche 30 nimeshaagiza, na migomba ya kuitia kivuli tayari ipo, ingawa jirani anadai michache ni yake. Hilo tutazungumza nikifika.

Kwa hiyo siku ya tatu ya sikukuu msinitafute barazani, nitakuwa kwenye boti ya Mkoani. Wanaokuja kwa mkono wa Idi waje mapema. Mtoto wa dada tunakwenda naye. Kwenye orodha amefuta "kiwanja", ameandika "miche 30", na chini yake, kwa mwandiko mdogo sana, kwenye fungu langu mimi, ameongeza "na baiskeli".

Sikukuu njema.