Kwenu wakalimani chipukizi

Wanangu,

Juzi nilikaa kwenye mkutano wa wanakijiji na wageni waliokuja kutafuta ardhi. Mzee mmoja alisimama akaeleza makaburi ya wazazi wake yalipo, ng'ombe hupita wapi, kisima kilichimbwa na nani. Mkalimani, kijana wa rika lenu, akawageukia wageni: "Anasema hana pingamizi kubwa." Hasira haijanitoka.

Someni habari za William wa Rubruck, mtawa Mfransisko aliyetoka Constantinople mwaka 1253 kwenda kwa Wamongolia na barua ya Mfalme Louis IX wa Ufaransa. Mkalimani wake alimwambia wazi: usinihubirishe, maneno hayo siyawezi. Hapo alisema kweli, na ninamheshimu. Lakini Rubruck alipoanza kuokota lugha njiani, aligundua kuwa yeye akisema hili, mwenzake husema lile, lolote limjialo kichwani. Akaona heri anyamaze. Mtu avuke nyika miezi na miezi, kisha anyamaze! Januari 1254, mbele ya Khan Möngke mwenyewe, mtawala wa Wamongolia, mkalimani yule alisimama karibu na wagawa vinywaji, akalewa. Kuanzia hapo Rubruck hakuambulia sentensi moja kamili.

Sasa watazameni makarani wa Khan Güyük, aliyetawala Wamongolia kabla ya Möngke, Novemba 1246, walipomkabidhi Giovanni da Pian del Carpine, mtawa aliyetumwa na Papa Innocent IV, jibu la kumpelekea Papa huyo. Walimfasiria neno kwa neno akiandika Kilatini. Wakataka wafasiriwe alichoandika, kipande kwa kipande. Wakamsomesha mara ya kwanza na ya pili, asije akaacha kitu. Na barua ilikuwa kali: Papa aje mwenyewe kutii. Hakuna aliyeilainisha. Wanangu, kazi yenu ndiyo hiyo. Ukali wa maneno si wenu kuupunguza.

Mengine mnayajua: msinywe kazini, msijibu kwa niaba ya mtu, msichokielewa ulizeni palepale.

Nanyi mnaoitisha mikutano, lawama ni yenu pia. Mahema mnakodi, chakula mnaagiza, mkalimani mnamwokota mpwa wa mwenyekiti, tena bila malipo! Rubruck aliporudi alimshauri mfalme kwamba mjumbe ajaye awe na mkalimani mzuri, tena ikiwezekana zaidi ya mmoja, na fedha za kutosha. Fungu hilo liwekeni kwenye bajeti kabla ya mahema.